Fundi Shibiri na Gari la Kaka Yake

Mchana mwema, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini na bosi yuko karibu, punguza sauti lakini usizime. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hamkuwahi kumsikia hapa redioni, ila kazi yake wengi wenu mmeisikia. Ilipita barabarani kwenu mchana kweupe. Vioo vya madirisha vikatetemeka, mtoto akaamka, mkasema, "Haya, huyo naye kapita."

Tunamkumbuka fundi wa muziki wa magari. Watu walimwita Fundi Shibiri. Alifariki Jumanne iliyopita asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa ameshakunywa chai, ameshavaa shati la kazi. Moyo ukasimama. Narudia ili tuelewane: Fundi Shibiri, fundi wa muziki wa magari, ametutoka akiwa na miaka hamsini na miwili. Ameacha mke, watoto wawili wakubwa, na kaka mmoja.

Huyo kaka yuko hapa nami studio. Alikuwa dereva wa teksi, amestaafu mwaka jana. Amekaa upande wa pili wa meza. Amevua kofia, ameiweka mapajani, anaizungusha kidogo kidogo. Amekuja na jambo lake, na atalisema mwenyewe kabla hatujaachana, kwa sababu linahusu jina la marehemu.

Jina hilo mnalijua lilivyopakwa matope. Kwa karibu miaka kumi na moja watu wamesema, "Fundi Shibiri ndiye yule aliyechoma gari la kaka yake." Wamesema sokoni, wamesema kwenye foleni za mafuta. Wengi wenu mmesema. Mimi pia nimesema, tena nilimwambia usoni, na nitawasimulia ilivyokuwa. Sijivunii.

Lakini tuanze mbali kidogo. Tuanze chini ya meza.

Mama yao alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, chumba kimoja kwa kazi na kingine kwa kulala. Watoto walikuwa wawili, wote wa kiume, wamepishana miaka sita. Yule mdogo hakupenda kulala kitandani. Alipenda kulala chini ya meza ya cherehani, sikio limegusa mguu wa meza, mama akikanyaga juu yake hadi jioni. Vipande vya vitambaa vilimwangukia, vyekundu, vya maua, vya sare za shule. Yeye kalala tu, kafunikwa na rangi.

"Ukimbeba kumpeleka kitandani, anaamka," kaka yake ameniambia leo asubuhi. "Mama akiacha kukanyaga, anaamka. Alikuwa mtoto wa kulala penye mngurumo. Mimi ndiye niliyekuwa namsukuma mama, kanyaga, mama, kanyaga, asije akaanza kulia."

Mnaiona picha hiyo? Mimi naiona tangu asubuhi, haitaki kuniondoka. Cherehani inanguruma, mtoto amelala, na mtoto mwingine amesimama mlangoni anamlindia mdogo wake usingizi.

Alipofika miaka kumi na mitano alitengeneza boksi lake la kwanza la spika. Mbao alizitoa wapi? Ngojeni. Mama alirudi kutoka kununua nyuzi, akakuta nguo zake zimekaa wazi, zinamwangalia. Akauliza, mlango wa kabati uko wapi? Kijana akajibu kwa heshima zote, "Mama, unaimba." Na kweli ulikuwa unaimba. Alikuwa ameukata, akaugonga misumari, akapachika spika moja kubwa aliyoiokoa kutoka kwenye redio iliyokufa. Mama alishika kiuno. Kisha akasikiliza wimbo hadi mwisho, akasema basi na kabati lenyewe lichukuliwe, maana kabati bila mlango linamtia aibu.

Baada ya hapo alikaa miaka sita kwa fundi wa redio, akijifunza. Halafu akafungua banda lake mwenyewe. Banda lilikuwa la mabati, limebanwa katikati ya wauza matairi na mshona viti vya magari. Sakafuni alitandika zulia. Alikuwa anavua viatu kabla ya kuingia kwenye gari la mteja. Hata gari liwe bovu, hata liwe limebeba mbuzi jana yake, alivua viatu.

Mshona viti, jirani yake wa miaka yote, ndiye aliyenieleza hilo. Huyu bwana ana maneno, mkimpa kipaza sauti mimi nitakosa kazi. Anasema, "Chai yangu ilikuwa na mawimbi tangu asubuhi. Akijaribu spika zake, chai inapiga duara kwenye kikombe. Nilikuwa namtukana. Sasa wiki hii nakunywa chai, imetulia tuli. Hainogi."

Sasa nataka mnielewe kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu jambo letu la leo limo humo ndani. Sitawachosha. Sabufa ni ile spika kubwa ya sauti nzito, ile unayoisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Haiwezi kufanya kazi peke yake. Inahitaji amplifaya ya kuipa nguvu. Na amplifaya inakula umeme mwingi, kwa hiyo inalishwa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Waya mnene unatoka kwenye betri kule mbele, unapita chini ya zulia la gari, unafika kwenye buti. Mko nami?

Waya huo una umeme wa kutosha kuchoma gari zima. Ukichubuka, ukagusa chuma mahali popote njiani, moto unawaka. Ndiyo maana karibu na betri inafungwa fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kukatika. Ikiona hatari inajikata yenyewe, umeme unakoma, gari linapona. Fundi wetu alisema fyuzi isikae mbali na betri zaidi ya shibiri moja. Shibiri ni upana wa kiganja ulichokikunjua, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kila gari alilolifunga, alifungua boneti mbele ya mwenyewe, akaweka kiganja pale, akamwonyesha. Shibiri moja. Wateja wakamcheka, wakampa jina, na jina likamganda.

Kitu kingine. Waya wa umeme aliupitisha upande wa kushoto wa gari. Waya wa sauti aliupitisha kulia. Alisema, "Hawa wawili ukiwalaza kitanda kimoja watagombana, na mwenye gari ndiye atakayekosa usingizi." Ukweli ni kwamba nyaya hizo zikikaribiana, injini inaingia ndani ya muziki. Unasikia mlio mwembamba unapanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Waya wa kurudisha umeme ukifungwa juu ya rangi ya gari badala ya chuma kitupu, mlio ni uleule.

Kwa hiyo alikuwa na namna yake ya kukagua kazi. Mafundi wengine wakimaliza wanaweka wimbo, wanafungua sauti mpaka mwisho, mtaa mzima unajua. Yeye hakuweka wimbo. Aliwasha injini, akawasha redio, akafungua sauti mpaka mwisho bila kuweka chochote. Kisha akafumba macho na kusikiliza kama kuna kitu.

Mke wake alimkuta hivyo siku ya kwanza. Yeye alikuwa dereva wa gari la kusambaza mikate. Redio ya gari lake ilikuwa inapiga kelele, akaelekezwa pale bandani. Ananiambia hivi: "Nilimwachia gari nikaenda kupeleka mikate mitano dukani. Narudi, namkuta amekaa kwenye kiti changu, hana viatu, macho amefumba, injini inanguruma. Nikajua kalala. Nikamwambia, kaka, na huo usingizi nao naulipia? Akafungua jicho moja tu. Akasema, dada, gari lako linanukia vizuri, linanichanganya masikio."

Mke wake alicheka aliponisimulia. Alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Wameishi pamoja miaka ishirini na minne.

Nami nilimkuta hivyohivyo. Ni miaka mitatu sasa. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua kali. Kigari changu kilikuwa na ule mlio niliowaeleza, kama mbu aliyeingia kwenye spika. Ukiongeza mwendo, mbu anapandisha sauti. Rafiki yangu akanielekeza kwa Fundi Shibiri. Nikafika, nikashika funguo, sikuzitoa. Nikamuuliza kwanza. Ndiyo, mimi huyu mwenye sauti nzuri ya redioni. Nikamuuliza, "Samahani, ni wewe uliyechoma gari la kaka yako?"

Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Hakukasirika. Akasema, "Ni mimi niliyelifungia muziki."

Nikachukua jibu hilo kama ndiyo. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na siku ile nilijibiwa kitu nisichokiuliza, sikutambua hata kidogo. Nikampa funguo kwa shingo upande.

Akavua viatu, akaingia. Akaniambia niingie upande wa pili, nami nikavua viatu vyangu, sijui kwa nini. Akawasha injini. Akafungua sauti mpaka mwisho, hakuna wimbo. Mbu akaanza. "Unamsikia?" "Namsikia." Akashuka, akaenda kwenye buti, akafungua skrubu moja. Chini ya skrubu kulikuwa na rangi. Akasugua kwa msasa taratibu, bila papara, mpaka chuma kikang'aa. Akafunga tena. Akarudi kukaa kando yangu.

"Nyamaza kidogo, dada, tusikilize," akasema.

Nikasema, "Tusikilize nini? Hakuna kitu."

"Hicho hicho."

Tukakaa. Injini ilikuwa inanguruma chini yetu kwa mbali, na ndani ya spika hamkuwa na chochote. Mabati ya banda yalikuwa na vitobo vya misumari, na jua lilikuwa linapenya, madoa madogo ya mwanga yanatembea kwenye dashibodi, yanapanda mikononi mwake. Vumbi lilikuwa linaelea. Nje watu wanapita, midomo inacheza, sauti zao hazinifikii. Nilijiona kama niko chini ya maji, na huko juu kuna mtu ananiita, lakini hana haraka. Nilimkumbuka bibi yangu. Nilikumbuka chumba fulani ambacho sijakiingia tangu nina miaka saba, pazia lake la kijani, upepo ukilijaza na kuliachia. Sijui nilikaa dakika ngapi. Pengine tano. Pengine maisha yangu yote yalipita pale yakaniaga, yakarudi.

Kisha akasema, "Haya, weka unachotaka." Nikawasha stesheni hii hii. Mwenzangu alikuwa anasoma hali ya hewa, na sauti yake ilikuwa safi kiasi kwamba machozi yalinilengalenga. Kwa sababu ya mawingu ya kesho, jamani.

Nikaondoka nimeridhika. Lakini nikiwa barabarani, rafiki yangu aliponipigia simu kuuliza ilikuwaje, nilisema nini? Nilisema, "Fundi mzuri, ila ndiye kweli aliyechoma lile gari, amekiri mwenyewe." Mniwie radhi.

Sasa twende kwenye gari lenyewe.

Karibu miaka kumi na miwili iliyopita, kaka mkubwa alikuwa anaendesha teksi. Gari lilikuwa la chama cha madereva, yeye ndiye aliyekabidhiwa, na watu wote walilijua kama gari lake. Mdogo wake akataka kumfanyia zawadi. Alilichukua siku mbili nzima. Akalifungia amplifaya na sabufa ya inchi kumi na mbili, nyaya mpya, kila kitu. Umeme kushoto, sauti kulia. Fyuzi, shibiri moja kutoka kwenye betri. Akamwonyesha kaka yake kwa kiganja, kama alivyomwonyesha kila mtu. Halafu akamkalisha kiti cha nyuma, akaendesha yeye, wakazunguka mji mchana wote.

"Alinifanya abiria kwenye gari langu mwenyewe," kaka amesema. "Nilifumba macho. Muziki ulikuwa unatoka kwenye kiti, unaingia mgongoni. Nikawa mtoto mdogo, yeye akawa mkubwa."

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa tisa, saa saba mchana, gari hilo liliwaka moto kwenye mlima, abiria wawili wakiwa ndani. Wote walitoka. Narudia, wote walitoka, hakuna aliyeumia hata ukucha. Moto ulianzia mbele, chini ya boneti, ukafuata ule waya mnene. Watu walijaa. Kiongozi wa chama akafika, akaangalia, akauliza, "Muziki huu nani alifunga?" Kaka akajibu, "Mdogo wangu."

Hivyo tu. Hakuulizwa zaidi, na hakusema zaidi. Jioni ile mji mzima ulikuwa na habari.

Banda likapoa. Magari yaliyokuwa yanapanga foleni yakahamia kwa wengine. Fundi wetu akarudi kutengeneza redio za nyumbani na pasi zilizoungua. Wateja wachache waliobaki walikuwa na mtindo wao mpya: akimaliza kazi, wanafungua boneti kumkagua. Wengine walikuja na fundi mwingine kabisa, amkague mbele yake. "Yeye alikuwa anawashikia tochi," mshona viti anasema, na hapo mzaha wake wote ulimwisha. "Anawamulikia, waone vizuri. Mimi damu inanichemka. Nikamwambia, bwana, watu wanakudhalilisha bandani kwako, sema kitu. Akasema, waache waangalie, kuangalia si vibaya."

Mke wake naye alimuuliza mara moja. Alimuuliza, "Kwenye gari la shemeji ulikosea wapi?" Akamjibu, "Sikukosea." Akamuuliza, "Basi kilichotokea ni nini?" Akamwambia, "Hilo si langu kulisema." Hakumuuliza tena.

Alhamisi iliyopita tulimzika. Nasema tulimzika kwa sababu nilikwenda. Pale msibani akasimama mzee mmoja wa mtaa kutoa neno. Akamsifu vizuri sana, upole wake, usafi wake. Halafu akatia doa. Akasema, "Alikuwa na kasoro yake kama sisi sote, lile gari mnalijua, lakini leo tumsamehe."

Mke wake alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Msimsamehe. Kazi yake naijua mimi." Basi. Akashusha kichwa.

Kaka mkubwa alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale. Alisikia. Asubuhi ya Ijumaa alikuja hapa stesheni, akamwambia mlinzi anataka kuonana na yule dada wa kipindi cha kumbukumbu. Mlinzi akamwambia arudi Jumatatu. Akakaa kwenye ngazi mpaka nilipotoka.

Kaka, karibu. Kipaza sauti ni chako. Sogea kidogo. Hivyo hivyo.

"Asante, dada. Mimi si mtu wa maneno. Mimi ni kaka yake, mjue hivyo, inatosha. Lile gari, muziki ulikatika wiki tatu kabla halijaungua. Nikafungua boneti, nikakuta fyuzi imekatika. Sasa mdogo wangu alishaniambia, kaka, fyuzi ikikatika ina sababu. Usipachike kitu kingine, niletee gari. Aliniambia zaidi ya mara moja. Lakini siku ile nilikuwa na abiria wa safari ndefu, walikuwa wanaupenda muziki. Nikasema, aa, ni fyuzi tu. Nikachukua msumari. Nikaukata, nikaupachika pale penye fyuzi. Muziki ukarudi. Nikajiona na mimi fundi."

Na fyuzi ilikuwa imekatika kwa sababu gani?

"Fundi wa injini alikuwa amebadilisha kitu pale mbele, akausogeza ule waya. Ukawa unasuguana na chuma. Ulikuwa umeanza kuchubuka. Fyuzi iliona. Msumari hauoni kitu, dada. Msumari unapitisha umeme mpaka gari linaisha."

Ulipoulizwa nani alifunga, ulijua ni msumari?

"Nilijua. Moto ulipotokea pale mbele, nilijua kabla sijafungua mlango. Lakini chama kina sheria. Dereva akichoma gari kwa uzembe wake, hapewi jingine. Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nikaogopa kumwaga unga. Nikasema mdogo wangu, nikajiambia nitarekebisha kesho. Kesho yake nikapewa gari jingine. Nikanyamaza."

Naye hakujua?

"Alijua. Alikwenda kuliangalia gari kule uwanjani lilipovutwa. Msumari hauungui. Siku ya tatu akaja nyumbani kwangu. Nilimwona dirishani, nikataka kutokea mlango wa nyuma. Akaingia, akaomba maji, akanywa. Akatoa pakiti ya fyuzi, zile kubwa za amplifaya, akaiweka mezani. Akasema, kaka, hizi ni za akiba. Akaaga, akaenda zake."

Gari lako jipya lilikuwa na muziki?

"Halikuwa na hata redio. Fyuzi zile hazikuwa na pa kukaa. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, akaja tena. Akaomba maji, akaweka pakiti mezani. Kaka, za akiba. Kila mwaka, dada. Hakunigombeza, hakuniuliza. Tulikuwa tunakula pamoja, tunacheka, mama yetu tulimzika pamoja. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Na mimi kila mwaka najiambia, mwaka huu nitasema. Nilipostaafu nikajiambia, sasa hakuna wa kuninyang'anya gari, nitasema. Mwaka ukapita. Pakiti ziko kumi na moja, ziko kwenye droo. Mwezi wa tisa unakuja na yeye hatakuja. Nilidhani nina muda. Mdogo wangu hakuchoma gari. Nililichoma mimi."

Samahani kwa kimya hicho, wasikilizaji wapendwa. Si mitambo, ni mimi.

Nami nina langu la kusema, na nitalisema kwa kifupi. Nilimwuliza mtu swali la kumchoma nafsi bandani kwake, akanijibu ukweli mtupu, na nikaondoka nikieneza uongo. Fundi Shibiri hayupo wa kunipokelea msamaha. Nauacha hapa, kwa familia yake, kama wataweza kunipokelea.

Kwa niaba ya stesheni nzima, natoa pole kwa mke wa marehemu. Pole kwa watoto wake wawili. Pole kwa mshona viti na chai yake. Na pole kwako, kaka, kwa sababu nawe umefiwa na mdogo wako, hilo halifutiki. Mungu amlaze mahali pema.

Wewe unayenisikiliza, nakuomba dakika moja. Fikiria kama kuna mtu anayebeba lawama iliyo yako. Inawezekana anakuja kwako, anakula kwako, hasemi kitu. Leo bado ana simu, na ukimpigia atapokea. Usingoje uje kwangu na kofia mkononi. Kipindi changu huja wakati mtu ameshaondoka.

Asubuhi hii, kabla hatujaingia hewani, nilimpigia mke wa marehemu. Nilimweleza kaka amekuja na jambo gani. Nikasikia mlango unafungwa kule kwake, nikasikia kiti kinavutwa. Nikamwuliza kama anaridhia tuliseme mbele ya watu wote.

Akasema, "Liseme. Na ukishalisema, lirudie. Wengine watakuwa wamechelewa kuwasha redio."

Basi dada yangu, nalirudia. Lile gari lililoungua kwenye mlima lilikuwa limefungwa vizuri. Fyuzi ilikuwepo, mahali pake. Ilikatika kama ilivyotakiwa, ikatolewa, ukawekwa msumari. Aliyeuweka amekaa hapa mbele yangu, amesema mwenyewe kwa mdomo wake. Fundi Shibiri hakuchoma gari la mtu yeyote.